Toleo la Hulk namba 181 lenye kutu kwenye pini: nilisafishe kabla ya kulipeleka kupimwa daraja?

Mkaazi wa Malindi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Marehemu ami yangu, aliyekuwa baharia, ameniachia sanduku la majarida ya katuni za mashujaa, na ndani yake nimelikuta toleo namba 181 la The Incredible Hulk, la Novemba 1974, ambamo shujaa Wolverine anajitokeza kikamilifu kwa mara ya kwanza. Jalada lingali na mng'aro, lakini pini mbili za katikati zimeshika kutu, iliyokwishaacha doa la rangi ya chai kwenye karatasi. Nakusudia kulipeleka CGC, kampuni ya kupima majarida kule Florida, lipewe daraja la hali yake na kufungwa katika kasha la plastiki. Je, nizisafishe pini kwanza au nizibadilishe?

Mwalimu wa Chake Chake
Waalaikum salaam. Nakuomba sana usiziguse. CGC, iliyoanza kazi mwaka 2000, hutoa daraja kuanzia 0.5 hadi 10.0, lakini mnunuzi huitazama rangi ya lebo ya kasha kabla hata ya namba. Jarida lisilofanyiwa ukarabati hupata lebo ya buluu, ilhali lililosafishwa au kubadilishwa pini, lililopakwa rangi ili kuficha mikwaruzo, au lililokatwa kingo ili zinyooke, huhesabiwa kuwa limekarabatiwa, na bei yake huporomoka. Kutu itakupunguzia alama kadhaa tu, nawe usivunjike moyo kwa hilo: nakala ya Action Comics namba 1, ya mwaka 1938, iliyomleta Superman kwa mara ya kwanza, iliyouzwa kwa dola milioni 6 mnamo Aprili 2024, ilikuwa na daraja la 8.5.

Kubwa zaidi ni hili: fungua ukurasa wa barua za wasomaji, taratibu, bila ya kulikunjua jarida hadi mwisho, uangalie kama stempu ya Marvel, kampuni iliyolichapisha, yenye picha ya mhusika wake Shanna, ingalipo. Watoto wa wakati ule walizikata stempu hizo wakazibandika katika vitabu maalumu, na nakala iliyokatwa hushuka thamani mno hata kama jalada lake ni safi.

Mkaazi wa Malindi
Alhamdulillahi, ipo. Kuna mstari hafifu wa penseli umezungushwa kandokando yake, kana kwamba mtu alikusudia kuikata kisha akaghairi. Pini nimeziacha kama zilivyo.

Bibi wa Michenzani
Mwanangu, hongera, ila linakaa wapi hivi sasa? Nyumba za mawe na chokaa hunyonya maji, na upepo wa bahari una chumvi. Kutu hiyo haikuja yenyewe. Mimi niliweka yangu katika sanduku la mninga chini ya ngazi, na masika moja tu yalitosha kuota ukungu kwenye majarida tisa, ambayo nayasikitikia hadi leo. Karatasi yake ni ile ya magazeti, yenye lignini (kiini cha mti kinachoifanya iharibike), nayo hugeuka manjano na kukatika kwa joto na mwanga. Litie katika mfuko wa poliesta pamoja na kadibodi isiyo na asidi, liweke ghorofa ya juu mbali na ukuta wa nje, na utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu, ukivibadilisha mara kwa mara. Hata likirudi na kasha lake, usiache kuyafanya hayo, kwani kasha halizuii unyevu wote.

Mkaazi wa Malindi
Ahsante bibi. Lilikuwa kabatini, ukuta wa upande wa bandari. Nalihamisha usiku huu huu.