Nifanyeje ili nijifunze kwa Lilanga na Tingatinga bila kupotea ndani yao?

Wanajamvi, salaam. Mimi ni mchoraji wa Mikindani, na kwa miaka sita sasa nimejifunza kwa kuiga kazi za wachoraji wawili ambao sikuwahi kukutana nao: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, na George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934. Juzi nilimaliza picha ya akina mama wakitafuta pweza maji yakiwa yamekupwa, nami nikaipenda sana, lakini mteja alipoiona tu akasema, "Hii ni ya Lilanga." Nilipoitazama upya nikaona ni kweli: masikio makubwa, midomo iliyochomoza, na hata vidole vilivyoshika fimbo ya kuchokolea pweza si vya mama yangu, ambaye ndiye niliyekusudia kumchora. Je, niache kabisa kuwatazama?

Mzee wa Lindi: Mwanangu, usiache. Van Gogh, mchoraji Mholanzi, alipokuwa amelazwa hospitalini Saint-Rémy huko Ufaransa mwaka 1889 na 1890, alinakili kazi nyingi za Millet, mchoraji Mfaransa, kwa kutazama chapa zisizo na rangi, na rangi akazitafuta mwenyewe. Ndiyo maana anayezitazama leo humwona Van Gogh kwanza. Nawe chukua picha ya Lilanga, itoe fotokopi nyeusi, kisha uipake rangi za kwenu: chokaa ya kuta zilizoliwa na chumvi, matope ya mikokoni. Usiiuze, kwani hilo ni zoezi.

Mchongaji, Masasi: Kwa heshima zote kwa mzee, rangi peke yake haitamtoa, kwa sababu kilichomganda mkononi ni umbo. Lilanga alianza kwa kuchonga, na viumbe wake walitoka katika sanamu za mashetani za Wamakonde kabla ya kupakwa rangi yoyote. Ndugu yangu, wewe umeanzia pale alipofikia yeye. Mchore mama yako mikono tu, kwa penseli, mara thelathini, naye akiwa kazini, kabla hujagusa brashi tena.

Mwuliza swali: Shikamoo mzee, na asante ndugu wa Masasi. Hilo la vidole limenigusa, kwa maana kidole cha shahada cha mama kimepinda tangu alipochomwa na mwiba wa samaki, na katika picha yangu nilikinyoosha. Nimezungumza naye; bamvua lijalo tutashuka pamoja, yeye na fimbo yake, mimi na penseli.