Pampu ya kukamulia maziwa haivuti na maziwa yana harufu, naweza kuiloweka kwenye jiki?

Mama Kidoti (mleta uzi):
Habari zenu wapendwa. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Jumatatu narudi kazini na bado nanyonyesha, kwa hiyo nimeanza kukamua naweka akiba kwenye friza. Natumia pampu ya umeme ya titi moja. Mwanzo ilikuwa inavuta vizuri, sasa hivi inaunguruma tu, maziwa yanatoka kwa matone. Halafu yale niliyogandisha nikiyayeyusha yananukia kama sabuni, na ninasuuza vizuri kabisa. Jirani kaniambia niloweke vifaa vyote kwenye jiki usiku kucha. Niloweke? Nijibuni upesi jamani, sitaki kumwanzishia mtoto maziwa ya kopo.

Mgosi wa Pongwe:
Nimesoma "pampu haivuti" nikaja mbio na spana, nikajua ni ya kisima. Samahanini akina mama, narudi zangu.

Binti Raskazone:
Dada, angalia kile kimpira cheupe cha chini, kina mkato mwishoni. Ndiyo vali yenyewe. Ule mkato ukiachama, hata mota ivume vipi haivuti kitu. Changu nilikichana mwenyewe kwa kukisugua na brashi ya chupa. Kile kinaoshwa kwa vidole, taratibu. Vinauzwa vya akiba, ila hakikisha ni vya aina ya pampu yako.

Harufu ya sabuni isikutishe. Maziwa ya mama yana kimeng'enya kinachovunjavunja mafuta, na kinaendelea na kazi hata yakiwa kwenye baridi. Mtoto akiyakubali hayana neno. Akiyakataa, yale utakayokamua siku nyingine uyapashe moto kabla ya kugandisha, mpaka vipovu vianze kutokea pembeni mwa sufuria, uepue, uyapoze haraka ndiyo uweke.

Bibi wa Makorora:
Haya mambo ya kujifunga mashine kifuani yametoka wapi? Sisi ukizaa unakaa arobaini yako, asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu ya pweza, maziwa yanachuruzika mpaka kanga inalowa. Mimi nilikuwa kwenye mashamba ya mkonge miaka hiyo, mtoto mgongoni, akilia namgeuza mbele ananyonya, msimamizi anapita ananiangalia na wala hasemi neno. Yule wa kwanza leo ni baba wa watu, ana bajaji mbili. Nyie watoto wa siku hizi kazi mnaipenda kuliko mtoto.

Mgosi wa Pongwe:
Bibi, hizo bajaji zimeingiaje hapa?

Nesi wa Zamu:
Mleta uzi, kabla hatujafika kwenye jiki. Pampu ulinunua mpya? Ile mipira mirefu ya hewa ukiishika mwangani unaona nini ndani? Na mtoto ana umri gani?

Mama Kidoti:
Mtoto bado mdogo ila anaendelea vizuri sana, anacheka. Pampu haijakaa muda mrefu. Mimi swali langu ni jiki tu.

Nesi wa Zamu:
Haijakaa muda mrefu kwa nani?

Mama Kidoti:
Jamani. Sawa. Alinipa wifi yangu, aliipata kwenye mitumba pale Tangamano, akaitumia kidogo. Mpya bei yake mnaijua. Mipira ina vidoadoa vyeusi kwa ndani, lakini mle si hewa tu inapita? Maziwa hayafiki huko. Na usafi nafanya, kila jioni nikitoka kukamua mara ya mwisho naloweka kwenye beseni na sabuni, nalala, asubuhi nasuuza. Mtu asije hapa kunisema mchafu.

Binti Raskazone:
Yaani siku nzima unakamulia vyombo vile vile?

Nesi wa Zamu:
Hakuna aliyekuita mchafu. Ila nisome mpaka mwisho.

Vidoadoa vyeusi ni ukungu. Kwa joto na unyevu wa Tanga unaota upesi, na ukishaota ndani ya mpira huwezi kuutoa kwa jiki wala kwa moto. Mipira hiyo itupe leo. Umesema hewa tu inapita. Kuna pampu zenye kiwambo kinachozuia maziwa yasirudi kwenye mota, na kuna zisizo nacho. Hiyo ya pili ukiinamisha kidogo, maziwa au mvuke unapanda mpaka ndani ya mota, na mota huwezi kuiosha. Kama ni ya namna hiyo, imebeba masalia ya wifi yako na ya mama aliyekuwa nayo kabla haijaingia kwenye robota la mitumba, na afya zao huzijui. Ndiyo maana pampu nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa mtu mmoja.

Kuosha ni kila unapomaliza kukamua. Tenganisha vipande vyote vilivyogusa titi au maziwa, suuza, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni kwenye beseni lake peke yake, lisilooshewa masufuria wala nepi, na brashi yake. Usiweke moja kwa moja kwenye sinki. Suuza tena, tandika kitambaa safi, acha vikauke kwa hewa, usifute na ncha ya kanga uliyojifunga. Kwa mtoto mchanga, mara moja kwa siku chemsha kwa dakika 5. Mipira ya hewa haioshwi kama haijaingia maziwa. Ukiona mvuke ndani, acha mota ivume dakika chache ikiwa na mipira tu mpaka ikauke. Kulala na beseni la maji ya sabuni hapana. Jiki ya usiku kucha nayo itakula vimpira vyote.

Hujanijibu umri wa mtoto.

Al-Akh Chumbageni:
Hapo kwenye masalia naomba niulize kidogo. Maziwa ya wifi yakibaki kwenye mashine, huyu mtoto na watoto wa wifi si wanakuwa ndugu wa kunyonya? Siku moja wasije wakaposana.

Mchungaji wa Mbuzi:
Sheikh, kwa Imamu Shafi undugu huo ni mpaka nyonyo tano kamili. Tone lililokauka kwenye mota halizuii ndoa ya mtu. Turudi kwenye mada.

Karani Mstaafu:
Mimi nimekaa kimya nasoma, na naomba mnisamehe, ila hii ni chai, hadithi ya kutunga. Likizo ya uzazi ni siku 84, yaani wiki kumi na mbili. Mwanamke anaitafuna yote mpaka Jumatatu, halafu umri wa mtoto hautaki kuutaja, kila akiulizwa anasema "anaendelea vizuri". Jina limejiunga juzi. Tumeshatajiwa Tangamano, tumeshaambiwa vali za akiba zinauzwa, bado kidogo itakuja namba ya simu ya muuzaji. Hapa tunauziwa pampu.

Mgosi wa Pongwe:
Chai ya rangi, tena na tangawizi. Mimi nadhani mleta uzi ni mwanaume, ana friza dukani. Tanga Fresh wenye kiwanda cha maziwa wajiangalie, mshindani kaingia.

Chumvi Nyingi:
Mwenye mtoto anayecheka hakosi kujua ana wiki ngapi. Weka picha ya pampu.

Mama Kidoti:
Nimelia kwa haya maneno, Mungu anawaona. Mimi nilipanda presha mimba ikiwa ya wiki 29, nikalazwa. Mwajiri akahesabu likizo kuanzia siku hiyo. Nikajifungua wiki ya 33. Mtoto Jumatatu anatimiza wiki nane. Jumlisha wewe karani. Sikutaka kusema kwa sababu nikisema njiti watu wanaanza kunihurumia na kumwombea kama vile anaondoka. Hakwenda popote, ana kilo tatu sasa.

Karani Mstaafu:
Nne na nane, kumi na mbili. Hesabu imekaa. Naomba radhi bibie.

Nesi wa Zamu:
Njiti. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kusema, na sikuhurumii, nakuambia ukweli. Mwaka 2016 Marekani, jimbo la Pennsylvania, njiti alipata maambukizi ya bakteria aitwaye Cronobacter na akaugua vibaya sana. Bakteria yule alikutwa kwenye pampu ya mama yake, kwenye maziwa yaliyokamuliwa na kwenye sinki la jikoni nyumbani. Vifaa vile vilikuwa vinalowekwa kwa masaa kwenye maji ya sabuni, kisha vinasuuzwa tu. Soma tena ulivyoandika kuhusu beseni lako. Hao wadudu ni nadra, lakini njiti na mchanga wa chini ya miezi miwili ndio wanaodhurika zaidi.

Weka pampu pembeni. Yale ya kwenye friza usimpe.

Mama Kidoti:
Nusu ya friza! Nimeyakamua usiku na usingizi wangu. Na hapa kwetu maziwa ya mama hayamwagwi. Siwezi kuyachemsha tu yote nikampa? Na kazini nimeshaahidi Jumatatu, kuna binti ameshika nafasi yangu, nikichelewa ndiyo basi. Pampu naweza kununua mipira mipya, ile ya zamani nikatupa, si yameisha?

Nesi wa Zamu:
Mipira mipya kwenye mota yenye ukungu, ukungu unarudi. Kuyachemsha usijaribu kwa njiti, kuna sumu za wadudu na za ukungu ambazo moto wa jikoni hauziwezi. Kama kumwaga kunakutia unyonge, mwagia chini ya mti.

Kukamua kwa mkono ulifundishwa ulipokuwa na mtoto wodini? Nawa mikono, kidole gumba juu, vingine chini, mbali kidogo na chuchu, sukuma kuelekea kifuani kisha bana, achia, rudia, ukizungusha vidole. Kikombe cha mdomo mpana kilichochemshwa ndicho chombo chako, na mtoto anakunywa kwa kikombe hicho hicho. Mezani yasizidi masaa manne, na kwa joto la hapa kwetu usiyafikishe huko. Ndani ya friji, sehemu ya chini isiyogandisha, yanakaa siku nne, umeme ukiwa haukatiki.

Bibi wa Makorora:
Mwanangu, mimi wa nne alizaliwa wa miezi saba, nilimfunga kifuani na kanga usiku na mchana. Kwa mkono unaweza. Nilisema vibaya pale juu kuhusu kazi. Pweza lakini kula.

Karani Mstaafu:
Kwenye kazi sasa, maana huko ndiko nilikokulia. Siku ulizolazwa kwa presha ungeweza kudai likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira ya 2004 inatoa siku 126 kwa mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili.

Chumvi Nyingi:
Si lazima. Sheria hiyo hiyo inaruhusu likizo ya uzazi kuanza mapema daktari akithibitisha. Mwajiri atasema alifuata hilo.

Karani Mstaafu:
Aseme. Bado yapo marekebisho ya sheria za kazi ya 2025, mama aliyejifungua njiti anaongezewa muda. Andika barua, ambatisha karatasi ya hospitali yenye wiki za kuzaliwa, nakala peleka ofisi ya kazi ya mkoa. Na hata ukirudi, una haki ya masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, ndani ya muda wa kazi. Ahadi ya mdomo isikufunge.

Mama Kidoti:
Naogopa barua. Barua inaonekana kama ugomvi.

Karani Mstaafu:
Iandike kwa adabu. Anza na "naomba".

Mama Kidoti:
Nimeandika. Mume wangu ameipeleka tangu saa nne asubuhi, ofisi si mbali. Kwa mkono nimepata nusu kikombe, bega linauma. Mpaka sasa mume hajarudi na simu yake haipatikani, sijui wamembana kwa maswali.

Mgosi wa Pongwe:
Mume wa Ngamiani, saa nane mchana, simu imezimwa? Mtume mtu kwenye baraza la kahawa, na amwambie barua aifute vumbi la kashata kwanza.