Gin na tonic ya nyumbani mbona haifanani na ya hotelini? Naomba ushauri

Mgeni wa Tabata:
Habari za jioni wakuu. Juzi kati nilinunuliwa gin na tonic kwenye baa ya hoteli moja hapa Dar. Dah, ilishuka kama maji ya mtungini. Jumamosi shemeji zangu wawili wanakuja kwangu, nikasema nitawatengenezea mwenyewe. Jana nimejaribu: gin nusu glasi, barafu vipande viwili, nikajazia tonic, nikatupia ndimu. Funda la kwanza tu uso ukakunjamana. Kali, haina gesi, halafu ina harufu siielewi. Nimekosea wapi?

Kaunta Kuu:
Mkuu, hiyo ni gin iliyonusishwa tonic 😀 Nimesimama kaunta miaka sita. Gin mililita 50, yaani toti mbili za 25, tonic 150. Ukiipenda kali, tonic shusha hadi 100, chini ya hapo usiende. Hiyo tonic ni ya ukubwa gani na uliifungua lini?

Mgeni wa Tabata:
Chupa ya lita. Ilifunguliwa Jumapili, watoto walidhani soda, wakaonja wakakimbia.

Kaunta Kuu:
Basi gesi iliondoka na Jumapili yake. Nunua makopo madogo, moja linatosha glasi mbili, na yalale kwenye friji. Tonic ya moto ikigusa barafu, gesi yote inaruka.

Barafu jaza mpaka mdomoni mwa glasi. Najua mtasema itazimua. Vipande viwili ndivyo vinavyozimua, maana kinywaji bado kina joto, vinayeyuka upesi. Glasi ikijaa inapoa palepale na barafu inadumu. Tia gin, kisha tonic taratibu huku umeinamisha glasi. Kijiko kizamishe mara moja, kinyanyue, basi. Usisonge ugali.

Binti Pangani:
Samahani kaka, kwenye friza yako kuna nini?

Mgeni wa Tabata:
Vibua. Kwa nini?

Binti Pangani:
Ndiyo hiyo harufu yako 😂 Barafu inavuta kila kilicho jirani. Gandisha mpya, trei ifunge kwenye mfuko, au nunua barafu ya kunywa. Ndimu nayo kata robo, pitisha ganda kwenye mdomo wa glasi, kamua kidogo, dondosha humo humo.

Mtu Mmoja:
Acheni pombe jamani.

Bwana Kipimo:
Konyagi na tonic je?

Kaunta Kuu:
Inanyweka, ila usimwambie mgeni ni gin na tonic. Gin inataka harufu ya junipa, tunda la mti ambao ni ndugu wa mwangati wetu wa Lushoto.

Bwana Kipimo:
Mimi tonic nakunywa kwa ajili ya malaria, gin ni ya kusindikizia tu.

Mzee wa Muheza:
Mwanangu, usijidanganye. Uchungu wa tonic ni kwinini kweli, na Waingereza kule India walichanganya na gin ili ipite kooni. Hata hapa kwetu Amani, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902 wakapanda msinkona, mti ambao magome yake ndiyo hutoa kwinini. Vita ya Kwanza ilipokuja, meli za Waingereza zikaziba pwani, dawa zikakata. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, wakanyweshwa magome yaliyochemshwa, kitu kichungu mno, wakakipa jina la Lettow-Schnaps. Ndimu sidhani kama waliwekewa.

Ila tonic ya leo ina kwinini kiduchu. Marekani ukomo wao ni kama miligramu 83 kwa lita. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 600 mara tatu kwa siku. Dozi moja tu utakunywa zaidi ya lita saba. Ukisikia homa nenda kapime.

Wakala Mbezi:
Nami nichangie. Nina ile taa ya kukagulia noti bandia. Siku moja nimeiwasha, tonic yangu iko pembeni, ikang'aa bluu kama taa ya disko. Kumbe ni hiyo kwinini. Tangu hapo nikiuziwa soda water naambiwa ni tonic, naipitisha kwenye taa. Soda water haing'ai hata kidogo.

Mgeni wa Tabata:
MREJESHO. Nimefuata yote, barafu ya kununua, vibua nimevihamishia kwa jirani. Shemeji mkubwa, mtu wa maneno mengi, alinyamaza mpaka glasi ikaisha. Kisha akauliza makopo ya tonic yamebaki mangapi. Nilikuwa nimenunua mawili.

Kaunta Kuu:
Mawili, watu watatu, Jumamosi?

Mgeni wa Tabata:
Mkuu, tulimalizia na juisi ya ukwaju.