Naomba ushauri: historia ya sanaa pamoja na studio, asome wapi?

Salaam ndugu zangu, niko Mombasa, mdogo wangu kamaliza fomu foo na mkono wake wa kuchora si mchezo, jioni huwa kwa fundi wa milango ya nakshi huko Mji wa Kale kwa hivyo patasi anaijua. Sasa yuwataka chuo atakachosoma historia ya sanaa darasani na papo hapo aingie studio achonge apake rangi, si nadharia tupu. Chuo kikuu cha Edinburgh, huko Uskochi, wanayo digrii ya hivyo, miaka 5, studio na historia sawa kwa sawa, lakini ada ya mgeni kule mzee hata akiuza boti haifiki haha.

Karibu nasi naona Kenyatta, na Makerere ile skuli aliyoanzisha Margaret Trowell miaka ya 1930. Mliopita huko, historia wanafunza ya kwetu pia, nakshi za Lamu na mambo ya pwani, ama ni Michelangelo mwanzo mwisho? Na potfolio, yaani mkusanyo wa kazi zake wa kuombea nafasi, yataka nini, picha za milango aliyosaidia kuchonga zitakubaliwa? Mamangu asema asome uhasibu kwanza sanaa baadae, mimi naona mkono utakufa. Mwaonaje?