Ushauri: kansa ya ngozi, mwanga au kisu?

Fundi wa Mbagala: Wakuu, mdogo wangu ana kidonda juu ya sikio, hakifungi. Hospitali wanataka kukata. Kuna zahanati binafsi hapa Dar wanatibu kwa mwanga: unapakwa dawa, unasubiri kama saa 3, unamulikwa taa nyekundu, unarudi nyumbani. Kovu hakuna. Ipi bora? Sijalala.

Bibi Kiduchu: Pole mwanangu. Shemeji yangu alikatwa nyama mgongoni, mwaka wa 10 huu anakaanga maandazi Temeke. Nyie mnataka urembo kuliko uhai.

Kondakta Mstaafu: Taa ya nini? Mpeleke Kariakoo saa 7 mchana, bure 😂

Nesi Ilala: Kwanza msichanganye na mionzi ya hospitali ya kansa ya Ocean Road, huo ni mwanga tu. Unasaidia, ila kwa kansa iliyo juujuu. Hauzami zaidi ya milimita chache. Ukikata, maabara wanaangalia kingo za nyama kama ni safi. Ukimulika, hakuna cha kupeleka maabara. Kipimo cha kinyama kilisemaje?

Fundi wa Mbagala: Walisema skwamasi, aina mojawapo ya kansa ya ngozi.

Nesi Ilala: Ya juu au imeshuka? Soma karatasi.

Fundi wa Mbagala: Imeshuka. Ila daktari wa taa kasema atamulika mara nyingi. Halafu nimeshatoa advansi laki 4, hairudi. Na harusi Desemba, mtu aingie ukumbini na bandeji?

Chai Rangi: Chai hii, tena haina sukari. Mwezi wa 3 kwenye uzi wa mirathi ulisema umezaliwa peke yako. Mdogo katoka wapi?

Kondakta Mstaafu: Nilijua! Moderata, futa uzi.

Fundi wa Mbagala: Ni mimi. Nina ualbino. Sikutaka mniulize kofia ilikuwa wapi. Kofia ninayo. Kibanda changu kinatazama magharibi, nikiinamia simu ya mteja jioni jua linanipiga sikio hilohilo.

Kondakta Mstaafu: Mkuu, samahani kwa ule utani wa Kariakoo.

Chai Rangi: Weka picha ya karatasi, funika jina.

Nesi Ilala: Acha karatasi. Papasa shingo chini ya sikio hilo. Kuna tezi?

Fundi wa Mbagala: Kama punje ya harage. Haiumi lakini.

Nesi Ilala: Kesho asubuhi rudi kwa waliokuandikia upasuaji, uwaonyeshe hiyo tezi. Laki 4 waachie.

Fundi wa Mbagala: Kesho kuna mteja anafuata simu yake. Keshokutwa je?