Maktaba ya Wi-Fi isiyokula bando kijijini: tupeane uzoefu

Mkutubi (mleta mada)
Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kiganjani) yenye programu ya Kiwix (inayofungua Wikipedia na vitabu vilivyohifadhiwa ndani) inarusha Wi-Fi, watu wanasoma kwa simu zao bila intaneti. Namna ya kuiwasha inajulikana. Tujadili kinachoiua. Leteni vipimo, hadithi tupumzike nazo.

Naanza na ukubwa. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 90, na kadi ya kumbukumbu ya GB 128 ukiichomeka inasomeka kama 119 tu. Kwa shule ya msingi ni mzigo wa bure. Weka ya Kiswahili, inaingia bila shida, kisha ongeza hadithi za watoto za African Storybook, maana leseni zake zinaruhusu kunakili.

Halafu flashi: faili likizidi GB 4 halikubali kukaa kwenye FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi faili wa flashi nyingi), hata nafasi ikiwa tele. Fomati kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho.

Fundi_Sola
Kinachoiua ni umeme. Pi 4 inataka volti 5, ampia 3. Watu wanafunga chaja ya gari ya 2.1A na waya mwembamba wa mita mbili. Volti zikishuka chini ya 4.63 inapunguza kasi, mara inajizima, na kadi ikikatwa katikati ya kuandika ndiyo imekwenda. Waya uwe mfupi na mnene. Fyuzi ikae jirani na betri.

Hesabu: betri ya asidi ya 12V 7Ah ni Wh (wati-saa) 84, nawe usitumie zaidi ya nusu, yaani 42. Pi yenyewe inakula wati 5 hivi, kwa hiyo saa nane. Paneli ya wati 20 inarudisha hizo siku ya jua. Masika haitoshi, weka ya 40 au punguza saa za kufungua.

Na msichomoe waya ili kuzima! Weka kitufe kinachoizima kwa utaratibu.

Mwl_Kisomo
Mmesahau wasiojua kusoma. Weka sauti: MP3, mono (mkondo mmoja), 32 kbps (kiwango cha chini cha ubora), saa nzima ni MB 14 na ushee. Sauti za WhatsApp hazifunguki kwenye viswaswadu vingi, zigeuze kwanza, kisha warushiane kwa Bluetooth.

Kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, Tanzania 1973, ilikuwa na vikundi vya kusikiliza redio, kitini mkononi, kisha mjadala. Mpango huo bado unafaa: kata vipindi vya dakika 8 hadi 10, kila kimoja kiishie na swali. Sauti ya saa nzima bila mtu wa kuongoza kikundi, wanasinzia.

Mkutubi
Hapo kwenye umeme nimekusoma, Fundi. Kilichobaki ni mlango wa kuingilia. Wi-Fi iite MAKTABA-HAINA-BANDO, maana woga wa kukatwa salio ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Simu ikilalamika kwamba hakuna intaneti, mtu azime data, abaki hapohapo. Anwani ianze na http://, la sivyo kivinjari kinakwenda kuitafuta mtandaoni na kurudi mikono mitupu. Ibandike mlangoni kwa herufi kubwa. Ukurasa wa kwanza vitufe visizidi sita, kila kimoja picha na neno moja.

Bei za mazao msiziweke humo. Zinachakaa ndani ya wiki, na mkulima akiuza kwa bei ya mwezi uliopita hatakanyaga tena. Hizo ziandikwe kwa chaki ubaoni, nje, na tarehe yake.