Fernando Torres pale Chelsea: garasa, au Chelsea walilipia jina la jana?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Jana kijiweni tulibishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaondoka. Kijana mmoja, miaka 20 sidhani kama ameifikisha, alisema Fernando Torres ndiye garasa namba moja katika historia ya usajili wa Ligi Kuu ya England. Nikamuuliza, ulimuona akicheza? Akasema ameona klipu. Klipu! Nikaona nilete hoja hapa, kwa watu waliolipa kiingilio kwenye mabanda umiza enzi hizo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: Torres hakuharibikia Chelsea. Alifika akiwa ameshaharibika. Zile pauni milioni 50, rekodi ya Uingereza wakati ule, zilikuwa bei ya straika wa mwaka 2008.

Kumbukeni alikotoka. Mtoto wa Fuenlabrada, pembeni ya Madrid, Atlético walimvisha kitambaa cha unahodha akiwa na miaka 19. Liverpool wakamchukua 2007. Msimu wa kwanza tu akafunga mabao 24 ya ligi na kuipiku rekodi ya Ruud van Nistelrooy kwa mchezaji wa kigeni katika msimu wake wa kwanza. Juni 2008, fainali ya Euro dhidi ya Ujerumani pale Vienna: Xavi anapenyeza pasi, Philipp Lahm yuko mbele na ameshauweka mwili kati ya mtu na mpira. Beki yeyote mwenye akili angesema nimemaliza kazi. Torres akatokea upande wa pili, akaudokoa mpira juu ya Jens Lehmann. Hispania ikabeba kombe kubwa la kwanza tangu 1964. Mwaka huo kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, waliomzidi ni Cristiano Ronaldo na Messi tu.

Silaha ya yule Torres ilikuwa hatua tatu za mwanzo. Ukimpa nafasi ya kuanza kukimbia, umekwisha. Muulizeni Nemanja Vidić, beki wa Manchester United, Machi 2009, siku Liverpool ilipoondoka Old Trafford na ushindi wa 4-1.

Sasa njooni 2010. Januari anapasuliwa goti. Anarudi. Aprili anapasuliwa tena, msimu unaishia hapo. Juni yuko Afrika Kusini na timu ya taifa, anacheza kama mtu anayeogopa kukanyaga msumari. Nusu fainali dhidi ya Ujerumani namba inakwenda kwa Pedro. Fainali anaingia muda wa nyongeza, na mechi inaisha akiwa anachechemea. Bingwa wa dunia, bao hana hata moja. Miezi saba haijatimia, 31 Januari 2011, siku ya mwisho ya dirisha dogo, Chelsea wanatoa mzigo wote ule.

Nani garasa hapo, mchezaji au aliyesaini hundi?

Mdau wa Darajani, Arusha

Mleta mada unaandika vizuri, lakini umeruka ukurasa wenye namba. Acha nikusomee. Ligi Kuu akiwa na Chelsea: mechi 110, mabao 20. Nusu msimu wa kwanza bao moja, kisha sita, kisha nane, kisha matano. Hizo ni namba za beki wa kushoto anayepiga penalti.

Bao la kwanza tulilisubiri mpaka 23 Aprili, dhidi ya West Ham, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha hadi mpira ukakwama kwenye dimbwi ndani ya boksi. Tukashangilia kama tumebeba kombe. Baadaye kuanzia Oktoba 2011 hadi Machi 2012 hakufunga kabisa. Ukame wa miezi mitano, kwa straika wa milioni 50!

Halafu Old Trafford, Septemba 2011, dhidi ya Manchester United. Kamzunguka kipa De Gea, goli tupu, hakuna beki, hakuna kipa, hata upepo haukuwepo. Akapiga nje. Nilikuwa banda moja la Ngarenaro, nilitoka nje nikakaa kwenye tofali. Hilo nalo la goti? Goti ndilo lililolenga?

Dada wa Tanga

Mimi nilikuwa natazama kwa sababu kaka zangu walishika rimoti, kwa hiyo sina timu ya kutetea. Ila mnachosahau wote ni nani alikuwa anamlisha. Liverpool nyuma yake alikuwepo Gerrard, na nyuma ya Gerrard alikuwepo Xabi Alonso. Mpira ukinyang'anywa tu, jicho la kwanza linamtafuta Torres, na mabeki wamepanda. Chelsea ilikuwa timu ya Drogba. Wapinzani wakija Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, wanapaki basi, nafasi ya kukimbilia haipo, na winga anapiga krosi kumtafuta mtu mwenye mabega ya Drogba.

Halafu makocha! Ancelotti alimpokea, akafukuzwa Mei. Villas-Boas, akafukuzwa. Di Matteo akaleta kombe la Ligi ya Mabingwa, akafukuzwa vilevile. Benítez wa muda, kisha Mourinho. Watano ndani ya miaka mitatu na nusu. Hata mpishi ukimbadilishia jiko mara tano, ugali utakuwa na mabonge.

Shabiki wa Majogoo, Mwanza

Sina huruma naye hata kidogo, na mleta mada nakupinga kwa ushahidi. Unasema alikuwa ameshakwisha. 7 Novemba 2010, Anfield nyumbani kwetu, Liverpool 2 Chelsea 0. Mabao yote mawili alifunga nani? Torres. Chelsea walioneshwa bidhaa ikifanya kazi mbele ya macho yao, miezi mitatu kabla ya kuinunua. Kwa hiyo wewe Arusha usije kusema waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Waliuziwa mbuzi aliyewapiga pembe.

Kilichomwishia ni moyo. Aliondoka siku ya mwisho ya usajili, watu wakachoma jezi zake. Mechi ya kwanza akakutana nasi palepale Stamford Bridge, Meireles wetu akafunga, 1-0, naye akatolewa. Baada ya hapo sikuwahi kumuona akicheka uwanjani.

Na asanteni kwa pesa. Tulimchukua Suárez. (Tulimchukua na Andy Carroll kwa milioni 35, ila huyo tumwache apumzike.)

Mleta mada, Dar es Salaam

Mwanza, hoja ya Novemba ni nzito, nakubali, na nilitarajia itakuja. Lakini mechi moja nzuri haiponyi goti. Nusu msimu ile alicheza mechi 23 za ligi akiwa na Liverpool, mabao tisa. Msimu uliotangulia, huku akiingia na kutoka hospitali, alikuwa na 18 katika mechi 22. Hiyo tofauti inaanzia Anfield. Haikuanzia London.

Na hilo la moyo, mwambie mwenye timu kwanza. Alonso aliuzwa 2009. Kocha Benítez akaondoka 2010, Mascherano akafuata miezi michache baadaye. Oktoba klabu ikabadilisha wamiliki mahakamani, madeni shingoni. Ukibaki peke yako kwenye nyumba ambayo kila siku wanatoa kochi, utaitwa msaliti ukihama?

Shabiki wa Majogoo, Mwanza

Gerrard alibaki.

Mvita, Mombasa

Salaam ndugu zangu. Nimewasoma nyote, na naona hamjagusa pahali penyewe. Tuwache pauni kidogo, tuzungumze vikombe, kwani Chelsea walinunua wachezaji ili wapate nini?

Camp Nou, 24 Aprili 2012, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Terry ametolewa kwa kadi nyekundu, Barcelona wameongoza 2-0, Ramires amerudisha moja, Messi amegonga mwamba kwa penalti. Kwa jumla ya mechi mbili mabao ni sawa, Chelsea wapita kwa bao la ugenini, lakini Barca wakipata moja tu basi kwisha. Torres aingia badala ya Drogba. Dakika za majeruhi mpira waokolewa ovyo, na yeye yuko peke yake, nusu uwanja nzima mbele yake. Akaenda, akamzunguka Valdés, akatia. Hapa kwetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku, na mtaa mzima uliamka. Arusha, wasema akimzunguka kipa apiga nje? Alimzunguka siku yenyewe.

Munich, fainali yenyewe. Kona ambayo Drogba aliifunga kwa kichwa dakika ya 88 ilipatikana kwa juhudi za nani? Torres, aliyetoka benchi. Mwaka uliofuata, Amsterdam, fainali ya Europa dhidi ya Benfica, bao la kwanza ni lake. Kwa siku kumi za Mei 2013, yeye na Juan Mata walikuwa mabingwa wa Dunia, wa Ulaya kwa mataifa, wa Ligi ya Mabingwa na wa Europa, vyote kwa wakati mmoja. Nitajieni garasa mwengine mwenye kabati hiyo.

Mdau wa Darajani, Arusha

Msafara wa mamba na kenge wamo, mzee wangu. Ukikaa basi moja na Drogba, Lampard na Čech, medali zitakufikia hata ukiwa umelala.

Najua utaleta na kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora wa Euro 2012. Mabao matatu, mawili kati yake aliwafunga Ireland. Kombe la Mabara 2013 nako alipewa kiatu kwa mabao matano. Manne aliwafunga Tahiti! Na penalti dhidi ya haohao Tahiti alikosa. Sisemi neno zaidi.

Mvita, Mombasa

Lile la tatu la Euro alimfunga Buffon, kipa wa Italia, katika fainali, kisha akampa Mata la nne. Hilo umelipitia kimyakimya. Hadi siku ile hakuna aliyekuwa amefunga katika fainali mbili za Euro. Kenge gani huyu anayengoja fainali?

Kocha wa vijana, Morogoro

Naomba niingie kidogo. Mimi nafundisha watoto wa chini ya miaka 17, si mtaalamu wa magoti, ila kuna kitu nimekiona kwa vijana wangu zaidi ya mara moja. Mtu akitoka kwenye jeraha kubwa, mbio kwenye mstari ulionyooka zinarudi haraka. Kinachochelewa ni kule kukata kona, kukanyaga, kugeuka. Kijana anaanza kuchagua njia ndefu ili asigeukie mguu ule. Na straika anayechagua njia ndefu anafika kwenye mpira nusu sekunde baadaye, kwa mguu usio wake, kwa pembe mbaya.

Sasa angalieni tena mabao yake makubwa ya baadaye. Camp Nou alikimbia mstari mmoja mrefu, muda wote ni wake. Amsterdam alimburuta beki, akampita kipa kwa nguvu. Hakuna tena ule mgeuko wa kumuacha beki kwenye boksi lililojaa watu. Kwa hiyo mleta mada ana hoja, na Dada wa Tanga ana hoja, na mimi naona ni hoja ileile: alibaki na silaha moja, na timu iliyomnunua haikuwa na uwanja wa kuitumia.

Halafu, wakuu, mnazungumza kana kwamba maisha yake yaliishia London. Milan alikwenda 2014, bao moja, tupite. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Januari 2015 alipotambulishwa upya Vicente Calderón, uwanja wa Atlético, watu kama 45,000 walijaa kumuangalia akipiga danadana. Siku chache baadaye Kombe la Mfalme, Bernabéu, dhidi ya Real Madrid: bao dakika ya kwanza ya kipindi cha kwanza, na bao dakika ya kwanza ya kipindi cha pili. Mwaka 2018 kule Lyon, Atlético walipobeba Europa, nahodha Gabi alimwita wainue kombe pamoja. Lilikuwa kombe lake la kwanza kubwa na timu ya utotoni. Kuna wachezaji wangebadilisha medali zote nne za Mvita kwa picha ile moja. Sijui kama naye angebadilisha.

Shabiki wa Majogoo, Mwanza

Kocha umenilainisha, lakini nusu tu. Huo mwaka 2018 hakuwa garasa kwa sababu hawakumlipia kitu. Garasa ni suala la bei. Ungemchukua kwa milioni 15 ungesema amejitahidi.

Dada wa Tanga

Basi hapo umemaliza kesi mwenyewe. Bei hakuipanga yeye.

Mdau wa Darajani, Arusha

Bei hakuipanga, mshahara aliupokea. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu Old Trafford. Goti, krosi, makocha, vyote sawa. Goli lilikuwa TUPU.

Mleta mada, Dar es Salaam

Nakujibu kwa swali. Mechi ile Chelsea walifungwa 3-1. Lile bao moja la Chelsea alifunga nani?

Mdau wa Darajani, Arusha

Ramires? Lampard alikuwepo... Anelka nadhani. Ngoja.

Mvita, Mombasa

Mimi pia nilidhani Anelka.

Mleta mada, Dar es Salaam

Anelka alitoa pasi. Dakika ya kwanza ya kipindi cha pili, Torres, alimchopia De Gea mpira juu. De Gea yuleyule.

Mdau wa Darajani, Arusha

Nilikuwepo banda lile na silikumbuki kabisa.